Maabara ya juu ya duka la vitambaa, Chake Chake: nyota nne, ya tano imebaki kwenye ngazi

Nianze na ngazi, maana ndizo zitakazokupokea. Ziko 17, za saruji, nyembamba, na ya sita kutoka chini imemeguka ukingo. Mama yangu ana miaka 68, na siku niliyompeleka alikuwa na homa siku ya tatu na kikohozi kikavu kisichomwachia hata kumaliza salamu. Tulimpandisha kwa kiti cha plastiki, miye nyuma, kijana wa duka la vitambaa mbele, na Mama mwenyewe juu ya kiti anatuomba radhi kila hatua. Aliyeamua maabara ikae ghorofani sijui alikuwa akiwafikiria wagonjwa wa namna gani. Kwa hilo nimekata nyota moja na siirudishi.

Jina silitaji. Mwenyewe kaniomba nisimjazie watu, yuko peke yake na kijana mmoja wa mapokezi. Wa Chake mtaijua kwa harufu: chini doria na madira mapya, juu spiriti.

Miye si mtu wa hospitali. Nimekaa miaka 22 kwenye kituo cha kununulia karafuu, kazi yangu mizani, na kazi ile imenifunza kutoiamini namba mpaka nitie mkono guniani. Mtu anakuletea gunia, mizani inasoma kilo 50, na kweli ni kilo 50. Ukizamisha mkono hadi kiwikoni unakuta chini makonyo, yale mabua ya karafuu yasiyo na thamani yake, au karafuu zimenyunyizwa maji alfajiri ziongeze uzito. Mizani haikukosea, ilichopimishwa ndicho kibovu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoikuta damu ya mama yangu, na bila hilo nisingeshika simu kuandika.

Mama alikuwa umra. Karudi na tende, dumu la zamzam na kikohozi. Nusu ya msafara wao, anavyosimulia, walikuwa wakikohoa tangu Madina. Kashuka Unguja, kalala kwa dada yake usiku mmoja, kapanda boti mpaka Mkoani, na Jumamosi aliyofika nyumbani homa ikampanda. Jumapili usiku mdogo wangu, kwa huruma yake, akamwita muuza duka la dawa wa mtaani aje ampige Mama "sindano ya kutuliza". Sindano gani, hakuna aliyeuliza. Asubuhi yake Mama kaamka, kanywa uji, kamgombeza mjukuu, tukasema alhamdulillahi. Adhuhuri homa ikarudi na baridi ya kutetemeka.

Hapo ndipo nilipokosea njia. Jumatatu ile nilimpeleka kwanza maabara nyingine, jina lake nalo nalihifadhi, ila kwa umbo ni kinyume cha hii: iko chini, ina marumaru, kiyoyozi na televisheni ukutani. Wakachukua damu ya fuli pikcha, kile kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu, dakika kumi karatasi mkononi. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, 58, yaani elfu 58 kwa mikrolita, na pembeni herufi L nyeusi tii, maana yake ziko chini. Mtu mzima anatakiwa awe kati ya 150 na 450. Chembe nyeupe zote 8.4, na limfosaiti, aina mojawapo ya hizo nyeupe, 2.2, nazo kwa maelfu, hizo hazikuwekewa alama yoyote. Kijana aliyenipa karatasi alinivuta pembeni: "Ami, nyeupe ziko vizuri, lakini hizi sahani zimeshuka sana. Inaweza kuwa dengi. Mkimbizeni Unguja."

Aliyekuwepo nchini mwaka 2019 anakumbuka neno dengi linavyouma, na chembe sahani wakati ule zilijulikana mpaka na wauza urojo. Nilishatoka kwenda kukata tiketi ya boti. Aliyenizuia ni shemeji yangu, muuguzi wa Wete. Nilimsomea karatasi kwenye simu, akaniuliza swali moja tu: "Kuna mtu ameitazama damu yenyewe, au wameitazama karatasi?" Nikamwambia sijui. Akasema basi kabla ya boti, mpandishe ngazi kwa yule mzee.

Ndiyo nakuja kwenye maabara yangu sasa.

Mzee ana miaka sitini na kitu, miwani imefungwa uzi mweusi nyuma ya kichwa, koti jeupe limekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwanza kamwamkia Mama, "Hujambo, Bi mkubwa, pole na safari," kisha kakaa naye kama hana kazi nyingine. Homa imeanza siku gani? Ametoka wapi? Amekula dawa gani? Amepigwa sindano? Sindano gani? Nikasema sijui. Akaweka kalamu chini. "Mpigie aliyemchoma." Nikampigia mdogo wangu, mdogo wangu akampigia muuza dawa, jibu likarudi: dexa, yaani deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Mzee kaandika kwenye daftari kubwa la mistari, kwa wino wa bluu, "dexa, Jumapili saa tatu usiku", kapiga mstari chini yake. Maabara ya marumaru hawakuuliza hata umri, waliukisia.

Akachukua damu kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, ile yenye dawa ya kuzuia isigande. Akaigeuza juu chini taratibu mara nane, na nilimhesabia, hakuitikisa. Akaipa mashine. Mashine ikanguruma, ikatoa sahani 61. Nikajua ndiyo basi, dengi. Yeye hakubonyeza kuchapisha. Alikunja uso tu, akachukua tone moja akalipaka kwenye slaidi kwa ukingo wa slaidi nyingine, mkono mmoja, upesi, likabaki utando mwembamba wenye umbo la ulimi. Akaupepea ukauke, akautia rangi, akauosha kwa maji, akauegemeza ukutani. Hapo tulikaa karibu nusu saa. Umeme ulikatika katikati, jenereta ikawashwa, moshi ukatuingilia dirishani, Mama akakohoa mpaka machozi. Nalo liandikwe.

Kisha akaniita kwenye hadubini. "Njoo uone, sheikh wangu, usije ukasema nimekuhadithia."

Nilichoona kwanza ni duara nyingi za rangi ya waridi zilizofifia katikati, hizo ndizo nyekundu. Akasogeza slaidi mpaka kwenye ncha ya ule ulimi, pale utando unapokwisha. Kulikuwa na mafungu ya zambarau, vijipunje vidogo vidogo vimeng'ang'aniana, kumi hapa, ishirini pale, kama karafuu zilizonyeshewa mvua jamvini zikashikana. "Hizo ndizo sahani za Bi mkubwa," anasema. "Zipo tele. Zimegandana humu chupani."

Akanieleza, nami nimemrudia mara mbili nisije kumsingizia. Kuna watu ambao dawa ile ya chupa ya zambarau inazifanya chembe sahani zao zishikane baada ya damu kutoka mwilini. Mtu hadhuriki, wala si ugonjwa. Mashine inahesabu mojamoja zinapopita kwenye tundu dogo, ikikuta fungu haijui ni fungu. Ama inaliruka, sahani zinaonekana chache, ama inaliona ni kitu kikubwa, inalitia kwenye hesabu ya nyeupe, na hasa kwenye kapu la limfosaiti, ambazo nazo ni ndogo ndogo. Akamchoma Mama mara ya pili, kwa kuomba radhi, akatumia chupa ya kifuniko cha buluu yenye dawa nyingine, sitreti. Mashine ikasoma 156. Akazidisha kwa 1.1, maana chupa ile ina maji yake yanayoichanganya damu sehemu moja kwa tisa, akaandika 172. Sahani za Mama nzima. Hofu ile ya dengi ikaondoka kwa shilingi sifuri, damu ya pili hakutoza.

Nikashusha pumzi. Yeye hakushusha.

Kaketi tena na slaidi, mkononi kidude cha kuhesabia kama cha kondakta wa zamani, akawa anabonyeza, tik, tik, tik, akizichambua nyeupe moja moja mpaka mia. Nilivyomtazama nilikumbuka wanawake wa kwetu msimu wa karafuu, usiku kucha juu ya jamvi, karafuu huku, konyo huku, vidole vinakwenda na mazungumzo yanakwenda. Katika mia, kwa aina zake: nyutrofili 81, limfosaiti 13, monosaiti 6, eosinofili hakuna hata moja. Nyeupe zote, mafungu yakishaondoshwa, 6.3. Piga hesabu, limfosaiti ni 0.8. Za mtu mzima huanzia 1.0.

Sasa tazama mkasa huu. Karatasi ya kwanza ilinitisha kwa kilicho kizima, ikanituliza kwa kilicho kibovu. Ile 2.2 iliyopita bila alama ilikuwa imejaa makonyo.

Nikamuuliza limfosaiti kushuka maana yake nini. Kasema ni askari wanaopambana na virusi. Virusi vya kifua, iwe homa ya mafua au korona, vikishika kwa nguvu, zile chembe zinaondoka kwenye damu, nyingine zinakimbilia mapafuni, nyingine zinakufa, na homoni za mwili uliosumbuka zinazipunguza vilevile. Akaongeza, na hapa ndipo nilipompenda: "Lakini dexa nayo inafanya hivyo hivyo. Inapandisha nyutrofili, inashusha limfosaiti. Siwezi kukwambia leo kipi ni kirusi na kipi ni sindano. Mlete Jumatano asubuhi, sindano itakuwa imeshamtoka."

Nikamsukuma, mtoto wa mtu lazima aulize. "Mzee, atapona?"

"Miye nahesabu, sheikh wangu. Sipigi ramli."

Binti yangu anasoma udaktari SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Usiku ule nilimpigia, akanitumia tafiti, tukazisoma naye kwenye simu, yeye Unguja miye Chake, mpaka vifurushi vikatuishia. Nayaweka machache hapa kwa sababu wengi tunapewa karatasi hizi na hatujui zinabeba nini.

Jambo hili la damu halikuanza na korona ya juzi. Mwaka 2003, ugonjwa wa kifua wa SARS, wa ukoo huo huo wa korona, ulipoingia Hong Kong, madaktari waliwafuatilia wagonjwa 157 wa hospitali moja, wakakuta karibu wote, asilimia 98, limfosaiti zao zilishuka wakati fulani wa ugonjwa. Hazikushuka siku moja. Zilikuwa zikiteremka mpaka chini kabisa kwenye wiki ya pili, kisha kwa wengi zikaanza kupanda wiki ya tatu. Chembe sahani zilishuka kwa zaidi ya nusu yao. Na aina mbili za limfosaiti, CD4 na CD8, aliyefika hospitali zikiwa chini ndiye aliyekuwa na hatari zaidi ya kuishia pabaya. Hilo la wiki ya pili nililiandika kwenye kiganja. Maana yake ukipima siku ya tatu ukakuta nzuri, hujamaliza.

Kisha China, 2020, wagonjwa 1,099 wa korona. Limfosaiti chini ya 1,500, yaani 1.5 kwa hesabu ya karatasi ya Mama, siku ya kulazwa: asilimia 83.2. Sahani chini ya 150: asilimia 36.2. Binti aliona ni ushahidi mzito. Miye nikamwambia ngoja, niangalizie wagonjwa mahututi peke yao na wasio mahututi peke yao. Akatafuta: mahututi asilimia 96.1, wengine 80.4. Sasa mwanangu, nikamwambia, ungo gani huu? Ukipepeta kwa huo, karafuu nzuri zinapita na mbovu zinapita. Waliokufa katika wale 1,099 mpaka utafiti unaandikwa walikuwa asilimia 1.4. Kwa hiyo kuona L kwenye limfosaiti peke yake usianze kuwaita watu. Kinachobeba uzito ni imeshuka kiasi gani, na inakwenda wapi, juu au chini.

Ndiyo maana wengine hugawa nyutrofili kwa limfosaiti. Uwiano ukiwa mkubwa, mgonjwa wa korona mwenye umri huangaliwa kwa karibu. Wa Mama ulikuwa 81 kwa 13, sita na kitu, na ungenikondesha kama si ile dexa iliyopigiwa mstari. Kuna na kipimo kingine, D-dimer, cha mabaki ya damu iliyoganda na kuyeyuka. Wuhan, katika wagonjwa 191, waliolazwa kikiwa zaidi ya mikrogramu 1 kwa mililita walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufia hospitali. Maabara yetu ya ngazini haikifanyi. CRP, kipimo cha kuonesha mwili una uvimbe au maambukizi, wanayo, ya Mama ilikuwa juu, Mzee mwenyewe hakuipa uzito, na shilingi 15,000 zangu nikaona zimekwenda bure.

Na tusisahau tafiti hizo ni za watu waliofika hospitali. Mwenye mafua anayekohoa barazani huku anacheza bao hajahesabiwa na mtu.

Jumatano saa mbili asubuhi, kiti cha plastiki, ngazi 17. Safari hii Mama hakuomba radhi, hakuwa na pumzi ya kuombea. Mzee alitumia chupa ya buluu moja kwa moja, daftari lilishamwambia. Sahani nzuri. Limfosaiti 0.6.

Hapo nilielewa thamani ya lile swali la sindano. Dawa ile nguvu yake mwilini ni kama siku moja na nusu mpaka mbili. Kama sindano ndiyo iliyozishusha Jumatatu, Jumatano zingekuwa zinapanda. Zimeteremka. Mzee alifungua droo, akatoa kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, akambana Mama, akangoja namba itulie, kwa sababu vidole vilikuwa baridi na kwanza ilikuwa ikirukaruka. Tisini na moja. Akamfuta Mama kidole, akakisugua kipate joto, akambana tena. Tisini na moja. Hakutoza hicho pia. Juu ya karatasi, kwa mkono, kaandika: "Apelekwe hospitali leo." Neno leo kaliandika kwa herufi kubwa.

Tuliyemkuta hospitali alikuwa daktari mwanamke, kijana, na niseme kweli yote hata kama inaipunguza sifa maabara yangu: karatasi hakuitazama kwanza. Alimtazama Mama kifua, akashika saa, akahesabu pumzi dakika nzima, 28. Akamtia oksijeni. Ndipo akauliza habari za safari, na akauliza kama Mama alikaribia ngamia. Nilidhani anafanya mzaha. Kumbe kuna kirusi cha MERS, ndugu wa korona, kilichogunduliwa Saudia mwaka 2012, na ngamia wanakibeba, kwa hiyo anayetoka kule na kifua lazima aulizwe. Mama kwa sauti ya kukwaruza: "Ngamia nimemwona dirishani mwa basi, na yeye alikuwa na haraka zake." Wakachukua vijiti vya puani. Majibu yalikuja kuwa homa ya mafua aina A. Mafua tu, ndugu zangu, yale yale tunayoyanywea chai ya tangawizi.

Nilimuuliza daktari kama zile hesabu za damu zilimsaidia. Kanijibu bila kunipaka mafuta: "Ningemlaza hata bila karatasi. Pumzi na kidole vinatosha." Ni kweli, na wewe unayesoma hapa na una mgonjwa nyumbani, kitu cha kwanza kutazama ni pumzi. Lakini daktari hakuwepo nyumbani kwetu Jumatano alfajiri, pale Mama alipokuwa akisema anajisikia nafuu na mdogo wangu akitaka kumwita tena mtu wa sindano. Kilichonitoa nyumbani ni ahadi ya Mzee ya kupima mara ya pili. Bila ile Jumatano iliyoandikwa daftarini ningengoja mpaka Ijumaa.

Alilazwa usiku nne. Siku ya kutoka limfosaiti 0.9. Wiki tatu baadaye tukarudi ngazini: 1.7, na katika mia, eosinofili tatu. Mzee alifurahi na zile tatu kuliko na vingine vyote. Kasema kwenye maambukizi makali huwa zinapotea, zikionekana tena ni dalili mwili umeanza kupumua. Akatania kwamba Pemba zikizidi sana tutatafuta minyoo.

Siku hiyo nami nikapima, kwa kuwa nilikuwepo. Nyutrofili zangu zikatoka 1.3 na herufi L. Nikaanza kujisikia homa papo hapo. Mzee kacheka. Anasema watu wengi wenye asili ya Afrika ndivyo walivyo maisha yao yote, na wazima kabisa. Ni jambo la kurithi, linakwenda na kukosa alama moja juu ya chembe nyekundu inayoitwa Duffy, alama ambayo malaria ya aina ya vivaksi huitumia kama mlango. Viwango vilivyomo kwenye mashine vimewekwa kwa watu wa kwingine, kwa hiyo inatuandikia L sisi tulio sawa. Nilimuuliza mbona hawabadilishi. Akainua mabega. Fikiria kama mizani yangu ya kituoni ingekuwa imepimwa kwa karafuu za Madagaska.

Lawama nyingine, nizimalize. Karatasi ya matokeo ni ile inayochapwa kwa joto, ukiiweka kwenye dashibodi ya gari inafutika. Ya kwanza ya Mama sasa ni nyeupe kama sanda, nisingepiga picha nisingekuwa na namba za kuwaandikia hapa. Maandishi yote Kiingereza, madogo. Kijana wa mapokezi macho yako kwenye simu, na haulizi umekunywa dawa gani mpaka Mzee mwenyewe atoke. Pesa ni taslimu tu. Na kwa mgonjwa anayehitaji jibu la haraka, nusu saa ya kungojea slaidi ikauke ni ndefu, hasa pakiwa na moshi wa jenereta.

Lakini kuna jingine dogo lililonigusa. Dada yangu wa Unguja alipiga simu maabara akitaka matokeo yatumwe kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo. Mzee kakataa. Kasema damu ni ya Bi mkubwa, na Bi mkubwa hajasema. Akampigia Mama kumuuliza. Mama akasema atumiwe mwanawe wa Chake peke yake. Dada bado kaninunia.

Bei: fuli pikcha 12,000, na slaidi imo humo humo, huombi wala hulipii zaidi. Ukija na karatasi ya kwingine yenye sahani chini, muoneshe, atapaka slaidi kabla hajakwambia lolote. Wanafungua saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa, Ijumaa wanafunga saa tano na nusu na hawaweki tangazo, utakuta mlango tu. Mgonjwa asiyeweza kupanda, mwachie kivulini kwenye duka la vitambaa, panda wewe, Mzee atashuka na chupa zake. Hilo nililijua siku ya tatu, baada ya kiti cha plastiki kuvunjika mguu. Na ukiona mwavuli wa kijani nyuma ya mlango wa juu, usiuchukue, ni wa Mama.